Majani Yasiyonyauka

Twajua wengine wenu mnatusikiliza mkiwa jikoni mkingoja chai ichemke, na wengine mnafunga viatu mwende kazini, kwa hiyo hatutawachelewesha kwa salamu ndefu. Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya tangi la samaki lililo sebuleni mwetu, na hasa juu ya mimea ya plastiki iliyo ndani yake. Labda mtu atauliza, "Je, kasisi hana neno jingine la kusema asubuhi hii?" Analo. Lakini hili limetusumbua nyumbani kuliko mengine yote mwaka huu, na tumeona afadhali tuliseme.

Tangi lenyewe hatukulinunua. Jamaa mmoja wa kanisa letu alihamishwa kikazi, na lori la mizigo lilipojaa akaona hakuna pa kuweka kioo cha lita 60. Akatuletea, pamoja na changarawe, pampu ndogo ya hewa, na samaki dhahabu wawili ndani ya ndoo. Mimea hai haikuwamo. Alituambia kwamba aliijaribu mara mbili, na samaki waliing'oa na kuitafuna mpaka ikabaki vijiti. Ni kweli, samaki dhahabu ndivyo walivyo. Hufukua changarawe siku nzima wakitafuta chakula, na jani laini kwao ni mboga. Basi yeye akaweka mimea ya plastiki, shina tatu zilizofifia rangi, nasi tukazipokea kama zilivyo.

Kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka saba, ndiye aliyelichukua tangi lile kuwa lake. Samaki mmoja alikuwa wa kawaida. Wa pili alikuwa na mkia mrefu laini uliomfuata nyuma kama joho, na chini ya kidevu alikuwa na doa jeupe. Mtoto akamwita Askofu. Tulimwambia kwamba jina hilo halifai, akauliza kwa nini halifai, na hatukuwa na jibu zuri. Askofu akabaki Askofu. Askofu wetu wa kweli alipokuja kwa kipaimara tulilifunika tangi kwa kitambaa cha meza, tukasema samaki wanapumzika.

Sasa kuhusu mimea. Wageni wakiingia sebuleni husifu uzuri wa ile iliyo ya kijani zaidi, kisha wakijua ni ya plastiki huona kama wamedanganywa. Sisi hatukuona ubaya wowote. Samaki ni kiumbe anayetaka mahali pa kujificha. Ukimweka katika kioo kitupu, kila mtu akipita yeye hushtuka na kukimbilia kona. Ukimpa vichaka, hata vya plastiki, hutulia, huogelea kati yake, na hula vizuri. Tena juu ya majani yale ya plastiki huota utando mwembamba, na ndani ya utando huo hukaa bakteria wenye kazi kubwa ambayo tutaieleza hivi punde. Kwa hiyo mtu asiidharau mimea ya bandia kana kwamba ni uchafu tu. Ina kazi yake.

Kosa letu lilikuwa kufikiri kwamba ina kazi zote.

Sikilizeni jinsi mambo yalivyo ndani ya maji. Samaki hutoa taka kwa kinyesi na kwa mashavu yake, na taka hiyo ni amonia, ambayo ni sumu. Chakula kilichobaki kikioza, nacho hutoa amonia. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wa aina fulani wanaoigeuza amonia iwe nitriti. Nitriti nayo ni sumu, maana huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kisha bakteria wengine huigeuza nitriti iwe nitrati, ambayo haina ukali kama hizo mbili za kwanza, ila nayo ikizidi huwadhoofisha. Bakteria hawa huchukua majuma kadhaa kuongezeka, mara nyingi manne hadi sita, na hukaa kwenye changarawe, kwenye chujio na kwenye majani. Mmea ulio hai hufanya jambo moja zaidi. Huinyonya amonia na nitrati kama mahindi yanavyonyonya samadi, na mchana, kukiwa na mwanga, hutoa oksijeni majini. Mmea wa plastiki haunyonyi chochote wala hautoi chochote. Nitrati hujilimbikiza siku baada ya siku, na njia ya kuiondoa ni wewe mwenyewe kuchukua ndoo, kutoa kama robo ya maji kila juma, na kuweka maji mengine yaliyoondolewa klorini ya bomba.

Sisi hatukufanya hivyo. Tulitazama majani, tukaona ni mabichi siku zote, tukasema moyoni mambo ni mazuri. Mmea hai ungalianza kugeuka manjano ukatushtua. Wa plastiki haugeuki rangi hata tangi lote likiwa linakufa.

Tulipoanza kusoma habari hizi, tulikuta kisa kimoja kilichotupendeza sana kwa kuwa kinahusu nyumba ya kasisi kama yetu. Mwaka 1846 mama mmoja Mwingereza, Anna Thynne, alikwenda pwani ya Torquay akapata matumbawe hai, akatamani kuyapeleka nyumbani London. Mumewe alikuwa kasisi, naibu wa dekano katika kanisa la Westminster. Mama huyu aliyashona matumbawe kwa sindano na uzi juu ya sifongo, akafika nayo salama. Lakini maji ya bahari katika bakuli huchakaa, na Westminster haiko karibu na bahari. Basi ikawa kazi ya nyumba ile kuyamimina maji kutoka chombo hiki hadi kile mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa au zaidi, ili yapate hewa. Aliyemimina alikuwa kijakazi. Twamfikiria mara nyingi kijakazi yule, ambaye jina lake halikuandikwa, akimimina maji ya bahari mbele ya dirisha huku sufuria zake zikimngoja. Mwaka uliofuata Anna Thynne aliagiza mawe kutoka pwani yenye mwani ulioota juu yake, na mwani huo ukaanza kufanya kazi ambayo mikono ilikuwa ikiifanya.

Miaka michache baadaye, mwaka 1850, mkemia mmoja wa London aitwaye Robert Warington alieleza jinsi alivyowaweka samaki dhahabu wawili pamoja na mmea wa majini uitwao Vallisneria, na konokono wa kula majani yaliyooza, wakaishi pamoja bila maji kubadilishwa kila mara. Hapo ndipo tunapoona kwamba mmea uliingia katika tangi la kioo ukiwa mfanyakazi. Urembo ulifuata nyuma. Plastiki ilipokuja katika karne ya 20, ilichukua sura ya mfanyakazi yule ikaacha kazi yake.

Turudi nyumbani. Ilikuwa likizo ya Agosti, na mtoto wetu alikuwa amekwenda kwa nyanya yake. Tukasema tumfurahishe, akirudi akute tangi limepambwa upya. Tukaingia duka moja tukanunua mimea mipya ya plastiki, mikubwa, yenye majani membamba magumu kama sindano za msonobari. Muuzaji hakutuambia kitu, nasi hatukuuliza. Tukafika nyumbani, tukatoa kila kitu tangini, tukasugua mimea ya zamani kwa sabuni ya unga, tukaosha changarawe kwa maji ya bomba mpaka ikang'aa, tukapanga upya. Lilipendeza mno. Ndani ya siku mbili mkia wa Askofu ulikuwa umechanika.

Tafadhali mlio na samaki wenye mikia mirefu, shikeni jambo hili. Kabla hujatia mmea wa plastiki tangini, chukua soksi ndefu ya nailoni, ile ya akina mama, uipitishe polepole juu ya kila jani na kila shina. Mahali soksi itakapokwama au kuchanika, hapo ndipo mkia wa samaki utakapochanika. Mmea wa kitambaa laini ni afadhali kuliko wa plastiki ngumu. Kama una waya ndani ya shina, angalia usiwe umetokeza nje, maana hushika kutu. Uuloweke siku chache katika karai jeupe. Maji yakibadilika rangi, usiutie. Ukiwa mchafu usiuoshe kwa sabuni kamwe, kwa kuwa sabuni hubaki katika mikunjo ya majani. Tumia mswaki wa zamani na maji uliyoyatoa katika tangi lenyewe. Wala usioshe kila kitu siku moja, la sivyo utawaua wale bakteria wote na samaki watabaki wakivuta sumu yao wenyewe. Sisi tuliyavunja haya yote kwa siku moja, Jumanne, kati ya chakula cha mchana na ibada ya jioni.

Kidonda cha mkia kiliota utando mweupe kama pamba. Askofu akaanza kupanda juu ya maji akihema. Usiku wa Ijumaa stima ilipotea, pampu ikasimama, na asubuhi tulimkuta amelala ubavu kati ya majani yale mapya. Mwenziwe alikuwa mzima, ingawa alikuwa mnyonge.

Mtoto alikuwa arudi Jumapili. Mmoja wetu alisema tumngoje tumweleze. Mwingine alisema kwamba mtoto huyu alimzika babu yake mwezi wa Aprili, na tangu hapo amekuwa mkimya, haifai kumpa msiba wa pili. Aliyesema hivyo ndiye anayezungumza nanyi sasa. Tukapanda matatu mpaka Nairobi, tukapita duka moja hadi jingine tukitafuta samaki mwenye mkia mrefu wa rangi ile ile. Tulimpata. Doa jeupe hakuwa nalo. Tukamtia tangini, tukaisogeza ile mimea ya plastiki karibu na kioo cha mbele, iwe kama pazia, ili mtu asimwone vizuri. Majani yenye ncha tulikuwa tumeyakata kwa mkasi. Hilo angalau tulikuwa tumejifunza.

Mtoto akarudi, akaenda moja kwa moja mpaka tangini, akapiga magoti. Akakaa pale muda mrefu. Tukamwuliza, "Waonaje, Askofu hajambo?" Akasema, "Hajambo." Tukapumua.

Majuma matatu yakapita. Jumatatu moja mzee wa kanisa alikuja nyumbani mapema, kofia mkononi, uso umemshuka. Hakutaka hata kuketi. Akasema, "Mchungaji, mbona hatukuambiwa habari za Askofu?" Tukamwuliza habari gani. Akasema, "Jana baada ya ibada kijana wako ameniambia Askofu alifariki, na kwamba wameleta mwingine, na sisi tunaambiwa ni yule yule." Maskini, hakuwa amelala. Alikuwa ameshaanza kuwauliza wazee wengine kama wao nao wameisikia habari hiyo, na ni nani huyo mwingine. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, tukampeleka tangini, tukamwonyesha. Yeye hakucheka sana. Alimtazama samaki, akatutazama sisi, akasema, "Kwa hiyo mtoto alijua." Akavaa kofia yake akaenda.

Jioni tulimwita mtoto. Wapendwa, tumesimama mimbarani miaka mingi, tumesema mbele ya watu wengi, lakini maneno yale machache mbele ya mtoto wa miaka saba yalikwama kooni. Tukamwambia, "Samaki huyu si Askofu. Askofu alikufa ulipokuwa kwa nyanya." Akasema, "Najua, Baba. Huyu hana doa." Tukamwuliza tangu lini alijua. Akasema tangu siku ile ile aliporudi. Tukamwuliza kwa nini hakusema. Akatazama chini, akasema, "Nilifikiri nyinyi hamjui. Nikaona mkijua mtahuzunika."

Basi kwa majuma matatu mtoto yule alikuwa akimwita samaki mgeni Askofu kila asubuhi, mbele yetu, kwa sauti, kwa ajili yetu. Mzigo mmoja ulikuwa ndani ya nyumba, na kila mmoja alikuwa akiuficha ili mwenziwe asiuone. Babu yake alipokufa pia tulimkataza kulia kaburini, tukamwambia awe mwanamume. Usiku ule tulilikumbuka hilo, na hatukulipenda.

Halafu akauliza swali tuliloliogopa. "Mlimzika wapi?" Hatukuwa tumemzika. Tulikuwa tumemfunga katika gazeti tukamtupa katika shimo la takataka, nyuma ya migomba. Ulimi ulitaka sana kusema, "Chini ya mwembe." Tukamwambia shimo la takataka. Alilia hapo, kilio cha kweli, akamlilia samaki, kisha tukasikia jina la babu yake ndani ya kilio kile, na tukamwacha alie. Mama yake alimshika mpaka akanyamaza.

Mimea ya plastiki hatukuitupa. Wako watu waliotushauri tutie mimea hai tu, na tumetia kidogo, ule mgumu wenye majani mazito ambao samaki dhahabu hawaupendi sana. Lakini mimea hai nayo ina hatari yake, si kwa samaki bali kwa nchi. Gugumaji lililofunga fukwe za Kisumu hata mashua zikashindwa kutoka katika miaka ya 1990, asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Ziwa Naivasha nalo lilipata shida ya mmea uelao uitwao Salvinia tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo ukipunguza mimea hai ya tangi lako, usiimwage mtaroni wala mtoni. Ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha uizike au uichome. Mmea wa plastiki angalau haumei ziwani. Nao usiutupe ovyo, maana hauozi, lakini hautazaa wajukuu.

Samaki yule mgeni amepewa jina lake mwenyewe. Anaitwa Shemasi, kwa sababu, kama alivyotueleza mwenye tangi, bado ni mpya na hajui kazi. Pazia la majani tumeliondoa mbele, mimea imerudi nyuma karibu na ukuta, na mtu akiingia sebuleni huwaona samaki wote wawili mara moja. Kila Jumamosi baba na mwana hubeba ndoo. Tumetafuta pia pampu ndogo ya betri kwa ajili ya usiku wa stima kupotea. Tena tumeelezwa kwamba samaki wa namna hii hukua sana na huishi miaka mingi wakitunzwa, na kwamba lita 60 zitawabana, kwa hiyo tunaweka akiba ya tangi kubwa zaidi.

Juma lililopita tulikuwa dukani tena, tukitafuta mmea mmoja wa kitambaa. Muuzaji alipougeuza mgongo kutoa chenji, kijana wetu alichomoa mfukoni soksi ya mama yake, akaanza kuipitisha juu ya mimea yote iliyokuwa rafuni, mmoja mmoja, shina na jani. Muuzaji akageuka, akamkuta. "Wafanya nini, kijana?" Akamjibu bila kuinua kichwa, "Natafuta ule usiochana." Soksi ilikwama kwenye ule mkubwa wa tatu, ule mzuri kuliko yote. Akaurudisha mahali pake, akaendelea na wa nne.

Muda wetu umekwisha, wapendwa. Nendeni mkanywe chai yenu kabla haijapoa.